Inhela ipo, kifua bado kinabana: mwongozo kamili wa kutumia dawa ya pumu

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nina inhela, naipuliza kila siku, mbona kifua bado kinabana?" Mara nyingi dawa yenyewe haina kosa. Imeishia kwenye ulimi na kooni, ikamezwa pamoja na mate, na iliyofika mapafuni ni kidogo mno. Au inayotumika kila siku ni ile ya kufungua kifua, huku ya kuzuia ikiwa kabatini haijaguswa, au haijawahi kuandikwa kabisa.

Tutaanza na hayo mawili, mengine yatafuata. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye amepimwa na kuthibitishiwa kwamba ana pumu. Kikohozi kisichoisha kinaweza pia kuwa kifua kikuu, ugonjwa wa moyo au kitu kilichokwama kwenye njia ya hewa, hasa kwa mtoto. Kama hujapimwa, anzia huko.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Inhela ya kufungua kifua, ambayo kwa wengi ni salbutamol.
- Inhela ya kuzuia, yenye dawa ya jamii ya steroidi: beclometasone, budesonide au fluticasone.
- Spesa, yaani kile chombo cha plastiki chenye uwazi kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Ukikosa, chupa ya plastiki ya mililita 500 itafanya kazi (hatua ya 4).
- Kipima pumzi, kile kibomba chenye namba unachokipuliza kwa nguvu. Si lazima, lakini kinasaidia sana.
- Kalamu ya wino usiofutika na daftari.
- Maji ya kusukutua.

## Hatua ya 1: Zijue inhela zako kwa jina, si kwa rangi

Ndani ya kifua chenye pumu kuna matatizo mawili. Misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza, na ngozi laini ya ndani ya mirija hiyo huvimba na kutoa makohozi mazito. Salbutamol hulegeza misuli ndani ya dakika chache, na kazi yake hudumu saa 4 hadi 6. Uvimbe haiugusi.

Uvimbe hupunguzwa na steroidi ya kuvuta, nayo haina haraka. Huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki, kabla hujaona tofauti. Ndiyo maana watu huitupa: wamepuliza, hawakuhisi lolote, wakaamua haifai. Wakabaki na ile inayowapa nafuu ya papo hapo, na uvimbe ukaendelea kukua kimyakimya hadi siku ambayo hata salbutamol haitoshi.

Mwaka 2019 GINA, jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya tiba ya pumu, liliacha kupendekeza watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 watibiwe kwa salbutamol peke yake. Kila mmoja wao anapaswa kuwa na dawa yenye steroidi, iwe ya kila siku au ya kutumia pale dalili zinapotokea. Kama miaka yote umepewa inhela ya kufungua tu, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza daktari wako.

Kuna pia inhela zenye dawa mbili ndani ya chombo kimoja. Ile ya budesonide na formoterol inaweza kutumika kuzuia na kufungua pia, kwa sababu formoterol hufanya kazi haraka. Yenye salmeterol haifai kwa kufungua, kwa kuwa inachelewa. Kwa nje zinaweza kufanana sana, kwa hiyo soma jina lililochapwa kwenye kopo, usitegemee rangi.

Neno moja kuhusu hofu ya "ukishaizoea huwezi kuiacha". Steroidi ya kuvuta hupimwa kwa mikrogramu na huenda moja kwa moja mapafuni. Haileti uraibu. Ukiiacha na dalili zikarudi, ni pumu iliyorudi kwa sababu ilikuwa imezuiwa. Kinachostahili kutiliwa shaka ni inhela ya kufungua ikianza kwenda kasi: anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka, kila kopo likiwa la mipulizo 200, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya.

Umefanikiwa ukiweza kuishika kila inhela, kuitaja dawa iliyomo, na kusema unaitumia lini.

## Hatua ya 2: Hakikisha kuna dawa ndani

Kopo hutikiswa, linasikika na kitu ndani, na likibonyezwa linatoa moshi. Hayo yote hayathibitishi kwamba dawa ipo, maana gesi inayosukuma dawa huendelea kutoka hata dawa ikishaisha. Ule mtindo wa kulielesha kopo kwenye maji nao uachwe: majibu yake si ya kuaminika, na maji yanaweza kuharibu vali.

Kama inhela yako ina kihesabu dozi, fuata namba zake. Kama haina, piga hesabu. Kopo la mipulizo 200, ukitumia 2 asubuhi na 2 jioni, litadumu siku 50. Andika kwa kalamu juu ya kopo tarehe litakapoisha, na utafute jipya wiki moja kabla. Kopo la kufungua kifua halina ratiba, kwa hiyo weka alama kwenye daftari kila unapopuliza.

Inhela mpya, au iliyokaa siku nyingi bila kutumika, inahitaji kupulizwa hewani kwanza ili vali ijae dawa. Idadi ya mipulizo hiyo inatofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Iko kwenye karatasi iliyomo ndani ya boksi.

## Hatua ya 3: Puliza na uvute kwa wakati mmoja

Hapa ndipo wengi wanapopoteza dawa yao, kwa hiyo tusiende mbio. Maelezo haya ni ya inhela ya kopo la kubonyeza. Ya unga ina hatua yake mbele.

1. Kaa wima au simama. Aliyejikunja hawezi kujaza mapafu.
2. Vua kifuniko na uchungulie mdomo wa inhela. Inhela iliyobebwa wazi mfukoni huokota takataka, na hutaki kuzivuta.
3. Tikisa vizuri, mara tano au zaidi. Katika makopo mengi dawa hutuama ikijitenga na gesi. Usipotikisa, mpulizo mmoja utakuwa na dawa kidogo na mwingine nyingi.
4. Toa pumzi nje, taratibu, hadi mwisho, ukiielekeza mbali na inhela. Mapafu yaliyojaa hewa hayana pa kupokelea dawa. Hatua hii hurukwa kuliko zote.
5. Weka mdomo wa inhela kati ya meno, ufunge midomo kuuzunguka. Ulimi ukae chini. Kidevu kiinuke kidogo.
6. Anza kuvuta pumzi polepole kwa mdomo, na papo hapo bonyeza kopo mara moja. Kuvuta kutangulie kidogo mno. Ukibonyeza kwanza, dawa itagonga koo kabla hewa haijaanza kuibeba.
7. Endelea kuvuta polepole kwa sekunde 3 hadi 5. Ukivuta kwa kasi, chembe za dawa zinashindwa kukata kona ya koo na zinanata hapo.
8. Toa inhela mdomoni na uzuie pumzi kwa sekunde 10, au kadiri unavyoweza, ili dawa itue kwenye mirija.
9. Toa pumzi taratibu. Kama unahitaji mpulizo wa pili, ngoja nusu dakika hadi dakika moja, tikisa tena, uanze upya tangu namba 4.

Onyo. Usibonyeze mara mbili ndani ya pumzi moja. Hupati dozi mbili. Kama ubaridi wa gesi unakushtua na kukufanya uache kuvuta katikati, hilo si la kujilazimisha. Nenda hatua ya 4.

Jikague mbele ya kioo. Ukiona moshi unatoka puani, pembeni mwa midomo au juu ya kopo, dawa imepotea. Ladha kali ya dawa kwenye ulimi nayo ni dalili kwamba imeishia mdomoni. Kwa inhela ya kufungua, mafanikio ni kifua kulegea ndani ya dakika chache, pengine na mikono kutetemeka kidogo au moyo kwenda mbio kwa muda mfupi. Kwa ya kuzuia, usitarajie kuhisi chochote.

## Hatua ya 4: Tumia spesa, hata kama si mtoto

Sijui ni nani aliyeeneza kwamba spesa ni ya watoto. Mtu mzima anayetumia steroidi ya kopo anaihitaji vilevile, kwa sababu inaondoa ule ugumu wa kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, inafikisha dawa nyingi zaidi mapafuni, na inapunguza ile inayobaki kooni kuleta fangasi na sauti ya kukwaruza.

Tikisa inhela, ichomeke nyuma ya spesa, toa pumzi, funga midomo kwenye spesa, bonyeza mara moja. Kisha vuta polepole na uzuie pumzi sekunde 10. Asiyeweza kuzuia pumzi, kama mtoto au mtu aliyebanwa, apumue kawaida ndani ya spesa mara 5 au 6. Ni mpulizo mmoja kwa zamu. Ukijaza mipulizo mitatu ndani kwa pamoja, chembe zinagongana na kunata kwenye kuta za plastiki.

Mtoto mdogo hutumia spesa yenye barakoa, nayo lazima ibane uso kuzunguka pua na mdomo bila kuacha mwanya. Anayelia hapati dawa ya kutosha. Mbembeleze kwanza, mwache aichezee barakoa, umpe ametulia.

Spesa ya chupa. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kulinganisha spesa ya dukani na chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na ya dukani. Bilauri ya povu jepesi ndiyo iliyoshindwa.

Kuitengeneza:

- Chukua chupa safi na kavu, isiyowahi kuwekwa mafuta, dawa ya wadudu wala sabuni kali.
- Weka mdomo wa inhela kwenye kitako cha chupa na uchore umbo lake.
- Toboa kwa waya uliopashwa moto, ukifuata mchoro kwa ndani kidogo ili inhela ibane. Fanya nje kwenye hewa, na uache harufu ya plastiki iishe kabisa kabla ya kutumia.
- Ondoa mabaki ya plastiki ndani, chomeka inhela, uzibe pembeni kwa gundi au utepe. Hewa isipenye.
- Mgonjwa anavutia kwenye mdomo wa chupa.

Kuosha. Spesa mpya ya plastiki, na ya chupa pia, ioshwe kabla ya kutumika mara ya kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwezi. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo. Usiifute kwa kitambaa: kusugua plastiki huzalisha umeme tuli unaonasa dawa kwenye kuta. Iache ikauke yenyewe, kisha ufute sehemu ya kuwekea mdomo tu. Ikipata nyufa, itupe.

## Hatua ya 5: Kama yako ni ya unga

Karibu kila kitu kinageuka. Ukishapakia dozi haitikiswi, haitumii spesa, na pumzi inavutwa kwa nguvu na haraka tangu mwanzo, kwa kuwa nguvu yako ndiyo inayoupeperusha unga. Toa pumzi pembeni kwanza, kamwe usiitoe ndani ya inhela: unyevu wa pumzi hugandisha unga. Isafishwe kwa kitambaa kikavu tu. Mtoto mdogo, au mtu aliyebanwa sana, huenda asiwe na nguvu ya kuivuta.

## Hatua ya 6: Iweke dawa ya kuzuia kwenye ratiba

Iweke karibu na mswaki. Puliza kwanza, kisha piga mswaki, sukutua hadi kooni na uteme. Usimeze maji hayo. Hapo umemaliza mambo mawili, kukumbuka dawa na kuzuia utando mweupe wa fangasi mdomoni.

Usiiache kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo kazi yake.

## Hatua ya 7: Jipime badala ya kukisia

Wenye pumu huzoea kubanwa. Mtu anaamka usiku mara mbili kwa wiki akikohoa, na ukimuuliza anasema yuko sawa. Kwa hiyo jiulize kwa maswali, ukitazama wiki 4 zilizopita:

- Nimepata dalili mchana zaidi ya mara mbili kwa wiki?
- Nimeamshwa usiku na pumu, hata mara moja?
- Nimehitaji inhela ya kufungua zaidi ya mara mbili kwa wiki?
- Kuna shughuli nimeiacha au kuipunguza kwa sababu ya kifua?

"Hapana" nne maana yake pumu imedhibitiwa. "Ndiyo" moja au mbili, imedhibitiwa nusu. Tatu au nne, haijadhibitiwa, na hata kama hujabanwa vibaya bado, nenda kliniki.

Ukiwa na kipima pumzi, simama, rudisha mshale kwenye sifuri, jaza mapafu, funga midomo vizuri, kisha puliza kwa nguvu na kasi yote kwa mkupuo mmoja. Rudia mara tatu na uandike namba ya juu kabisa, usipige wastani. Fanya asubuhi na jioni kwa wiki mbili ukiwa mzima, na namba kubwa kuliko zote ndiyo kilele chako. Kuanzia asilimia 80 ya kilele hicho ni eneo la kijani. Kati ya 50 na 79 ni njano, dawa inahitaji kuongezwa kwa mujibu wa mpango wako. Chini ya 50 ni nyekundu. Aliye na kilele cha 400, kwa mfano, mpaka wake wa kijani ni 320 na wa nyekundu ni 200.

Namba hushuka mara nyingi kabla mtu hajahisi chochote. Hiyo ndiyo faida ya kifaa hiki.

## Hatua ya 8: Vitafute vichochezi vyako, si vya jirani

Orodha ya vichochezi ni ndefu: moshi wa sigara, kuni na mkaa, utitiri wa vumbi kwenye magodoro, mende, ukungu ukutani, manyoya ya wanyama, chavua, manukato, hewa baridi, mafua. Hakuna anayechochewa na vyote, na anayejaribu kuvikwepa vyote atajifungia ndani bure. Kila unapobanwa andika saa, mahali, ulichokuwa ukifanya na dawa uliyomeza. Baada ya wiki chache utaona kinachojirudia.

Moshi ndio usio na mjadala. Anayevuta sigara ndani ya nyumba yenye mgonjwa wa pumu, hata akiwa chumba kingine, anadhoofisha tiba yake. Anayepika kwa kuni ahamishe jiko nje au lilipo dirisha na upepo. Matandiko yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi, kwa kuwa joto hilo huua utitiri.

Angalia dawa nyingine. Aspirini na ibuprofen huwabana baadhi ya wenye pumu, wakati mwingine vibaya sana. Dawa za presha na moyo kama propranolol hukaza mirija ya hewa. Taja pumu yako kwa kila anayekuandikia au kukuuzia dawa, na usisahau matone ya macho ya glakoma (presha ya macho), maana mengine yana dawa ya jamii moja na propranolol.

Mazoezi usiyaache. Kama yanakubana, mara nyingi ni ishara kwamba uvimbe haujadhibitiwa. Pasha mwili moto kwanza, na daktari anaweza kukushauri upulize inhela dakika 10 hadi 15 kabla.

## Hatua ya 9: Andika mpango wa siku ya kubanwa

Mwombe daktari akuandikie, kwa karatasi, dozi zako za kijani, njano na nyekundu. Ipige picha karatasi hiyo, uwape watu unaoishi nao na mwalimu wa mtoto wako. Siku yenyewe hutaweza kueleza. Kama huna mpango bado, na inhela yako ni ya salbutamol, utaratibu huu unatumika:

1. Kaa wima, ukiinamia mbele kidogo. Usilale chali. Legeza nguo shingoni.
2. Puliza mara 4 kupitia spesa, mmoja mmoja, ukivuta pumzi 4 kwa kila mpulizo.
3. Ngoja dakika 4.
4. Kama hujapata nafuu, rudia mipulizo 4.
5. Bado? Ita gari la wagonjwa au anza safari ya hospitali sasa, huku ukiendelea na mipulizo 4 kila baada ya dakika 4.

Usisubiri hatua hizo ziishe kama mtu hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo inageuka rangi ya bluu au kijivu, ngozi kati ya mbavu inazama ndani kila anapovuta pumzi, anasinzia au anachanganyikiwa. Mluzi wa kifuani ukinyamaza ghafla huku mtu bado anahangaika, si nafuu. Hewa imeacha kupita. Mpeleke hospitali mara moja, mkimpulizia njiani.

Usimpe aliyebanwa dawa ya usingizi wala chai ya mitishamba kwanza "ili atulie". Mvuke wa maji ya moto nao haufungui mirija ya pumu, na umeunguza watoto wengi.

Umefanikiwa kama nafuu inakuja na inadumu angalau saa 3 hadi 4. Ikikatika mapema, hiyo ni dharura bado. Na hata ikidumu, muone daktari ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu kubanwa kumoja huongeza uwezekano wa kingine wiki zinazofuata.

## Hatua ya 10: Rudi kliniki ukiwa mzima

Nenda na inhela zako, spesa na daftari, na uombe kuangaliwa unavyopuliza. Usieleze kwa maneno, puliza. Anayekuandikia akitaka kuongeza dozi bila kukuona ukipuliza, mwombe akuangalie kwanza.

Pumu ikiwa imetulia miezi 3 mfululizo, zungumzeni kuhusu kupunguza dozi ya kuzuia, hatua kwa hatua, si kuikata. Chagua kipindi ambacho huna mafua wala safari, na endelea kujipima.

Ukipata ujauzito, endelea na inhela zako na uwahi kliniki. Pumu isiyodhibitiwa ina hatari kubwa zaidi kwa mama na mtoto kuliko dawa za kuvuta.